Siku Bendi Yangu Ilipomlilia Mama Akiwa Hai

Mpaka leo nikipita mtaa wa Manyatta kuna mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hunicheka waziwazi, na namwacha acheke, kwa sababu aibu hiyo niliipika mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, nafundisha vijana wa kanisa letu kupiga tarumbeta na ngoma, na shida yangu ilikuwa moja tu, mazoezi hawataki. Jumamosi ukiwatafuta, wote wako ziwani wanaogelea. Mchungaji akaniita, akasema, "Mwalimu, tukishika mkia tena kwa mashindano ya Krismasi, hivyo vyombo napea kanisa lingine." Na nilivipenda yawa, hata ile tarumbeta kubwa iliyobonyea!

Basi nikaamua kitu kidogo tu: mazoezi yahamie kwangu, asubuhi na mapema kabla hawajatoroka, na anayekuja anapata chai ya maziwa na mkate wa siagi. Walikuja wote (hata ambao si wa bendi). Nikawapanga uani, nikasema tuanze na ule wimbo wa kusindikiza marehemu, kwa sababu hauna haraka, na vidole vyao nilivijua jinsi vilivyo vizito. Nilichosahau ni kwamba Mama yangu alikuwa ndani, ametoka kijijini kuja kutibiwa, mtaa mzima unajua anaumwa, na kwetu ngoma na wimbo kama huo vikilia kwa boma alfajiri, hakuna mtu anauliza kuna nini.

Hata ubeti wa pili hatujafika, nikasikia, "Uwi! Uwi! Mama ya Mwalimu ametuacha!" Wamama wanaingia mikono kichwani, mzee jirani amebeba kiti chake kabisa, yule wa omena amejitupa chini karibu na mlango analia, na vijana wangu (wajinga hao!) wakafikiri wamepata mashabiki, wakaongeza sauti. Nikipunga mikono wanyamaze, wao wanaona naongoza, wanapiga kwa nguvu zaidi.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, leso begani.

"Nani amekufa?"

Yule wa omena alikimbia mpaka barabarani bila viatu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama," nikasema, "ni... ni mazoezi."

Akatazama bendi, akatazama waombolezaji, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akawageukia vijana. "Na hii kelele ndiyo mtanizika nayo? Wewe wa tarumbeta kubwa, unachelewa kila mahali. Sifi mpaka mjue kupiga!"

Chai yote ilinywewa na waombolezaji. Lakini Jumamosi iliyofuata vijana walikuja hata mkate sijanunua. "Dani anatungoja," wakasema, maana walishamfanya nyanya yao. Alikaa kwa kiti chake akiwakemea, wiki baada ya wiki, na Krismasi tukawa wa pili, vyombo vikabaki. Mimi nikaapa kwamba mwanafunzi wangu yeyote ataanza na nyimbo za harusi.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipotuacha kweli, vijana wale wale, sasa wana ndevu na watoto wao, walikuja bila kuitwa wakaupiga wimbo wake bila kosa hata moja. Nililia sana. Ndipo nikaona yule mama wa omena amesimama nje ya lango, ameogopa kuingia.

"Mwalimu," akaniuliza polepole, "leo ni kweli, ama ni mazoezi?"

Nikamfungulia tu lango.