Karibu ya Melini

Vuli hii nilipanda meli ya Tanga kwenda Pemba. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu alifunua hotipoti ya wali wa nazi, akasema, “Karibuni.”

Hakuna aliyeitika, sote tulikuwa tumeinamia simu. Mimi nilikuwa nawatumia jamaa picha za safari. Mama akangoja, kisha akafunika chakula chake.

Zamani, Tanga ikiwa bado inaonekana nyuma yetu, abiria tusiojuana tulishakula pamoja, tukajuana mpaka majina ya wajukuu.

“Shikamoo, mama. Mbona huli?” nikamuuliza.

“Marahaba. Nitakulaje peke yangu mbele za watu?” Akaitazama simu yangu. “Na hao unaowapa habari za safari, wamekukaribisha chakula?”

Nikanawa mikono. Picha ya wali ule msiniulize, sina.