Ami na Nyaya Nane

Kuta za nyumba yetu ya Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, nene hata hazipitishi kitu: si joto, si ugomvi wa majirani, si waifai. Nami nafundisha wageni Kiswahili kwa kompyuta, chumba cha juu. Kila nikifika kwenye ngeli, sura yangu huganda kinywa wazi. Wanafunzi walidhani ndiyo matamshi.

Dawa ilikuwa kuvuta kebo ya mtandao kutoka sebuleni hadi juu. Ami, nduguye marehemu babangu, akakataa katakata kuita fundi.

"Mimi nimefunga taa za meli weye hujazaliwa," alisema. "Hichi kikamba ndicho kitanishinda?"

Ndani ya kebo mna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbili mbili. Ami alizisokotoa zote, akazinyoosha kama anayezipiga pasi, huku akiwasikitikia watu wa kiwandani kwa ovyo wao. Kisha akazipanga kwa rangi zilizompendeza, kijani mbele, kwa baraka. Upande wa juu akazipanga vingine, maana mpango wa chini alikuwa keshausahau. Kebo yenyewe akaifunga pamoja na waya wa umeme, ati zipate kufuatana. Nikachomeka. Kimya. Ami akailaumu kompyuta.

Siku ya tatu nikamwita fundi kutoka mtaa wa Tononoka, dada mmoja wa bara. Alimwamkia ami shikamoo kabla ya kugusa chochote, akaitazama kazi, akavuta pumzi.

"Mzee, hizi husokotwa ili zisiingiliane. Mpango wa rangi ni mmoja, chini na juu. Na umeme tuuweke kando, huziharibia mawasiliano."

"Ndivyo nilivyomwambia huyu," ami akasema, akaninyooshea kidole mimi.

Nikangoja dada acheke. Hakucheka. Alifunga kichwa cha kuchomekea cha upande wa chini, kisha akampa ami koleo. "Cha juu funga wewe, mzee. Mkono wako una uzoefu."

Ami akavaa miwani, akazitaja rangi moja moja kwa sauti ndogo, kama anayehifadhi sura ya Kurani. Vidole vilimtetemeka. Kijembe nilikuwa nacho tayari mdomoni, nikakimeza. Sikuwa na habari kuwa siku hizi vinatetemeka.

Dada akachomeka kipimo chake. Taa zote nane zikawaka.

Jioni hiyo nilifundisha somo zima bila kukatika, na ami kakaa nyuma yangu, akinisahihisha Kiswahili mbele ya wageni.