Mwambie Baba Yako

Mke wangu aliporudi kazini, katika hoteli moja pale Bofa, mtoto wetu alikuwa na miezi sita na ufizi wa chini ulikuwa umevimba. Nilibaki naye mimi, kwa kuwa kazi yangu ya kutengeneza friji naifanyia uani. Ufundi huo sikuusomea popote. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kuharibu friji za jamaa zangu. Nilidhani ulezi nao nitaujua hivyo hivyo. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu meno ya watoto, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Sikuwa baba mtulivu, wala sijawa. Nilikuwa nikichemsha kijiko, kikigusa sahani nakichemsha tena. Nilikata leso kuukuu ya mke wangu vipande vipande, nikavipiga pindo, nikavichemsha, nikavilowesha kwa maji safi na kuvitia kwenye friji. Kipimajoto cha friji za wateja ndicho nilichohakikishia kwamba kitambaa ni baridi lakini hakijaganda. Mtoto alikitafuna, akatulia kidogo, kisha akakitupa na kulia upya. Kila alipolia niliona kuna mahali nimekosea.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka kijijini kwake Ganda kunisaidia.

Mkwe wangu namwonea haya, kama inavyopasa. Simtazami usoni, sikai naye mkeka mmoja, na kubishana naye ni jambo lisilofikirika. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha kichwa, akaitikia marahaba huku akitazama ukuta. Tangu hapo tulizungumza kupitia kwa mtu mmoja tu aliyekuwepo, naye hakuwa na jino hata moja.

"Mume wangu," alimwambia mtoto, maana mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake, "mwambie baba yako wewe si samaki. Mbona anakulisha vitu vya friji?"

Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya friji ya mteja. Nikamwambia mtoto kwamba baridi hupunguza uvimbe, na kwamba ni kitambaa tu, si barafu.

"Mwambie nimesikia. Na kifua kikikubana, atakipeleka kwa fundi gani?"

Alikuwa amekuja na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Aliyapasha moto viganjani, akamkanda mtoto taya, kisha akanawa na kumsugua ufizi taratibu kwa kidole. Mtoto alifumba macho. Nakiri niliumia: kazi ya siku nzima ya vitambaa vyangu ilishindwa na kidole kimoja. Alipotoa chupa ya asali nilimwomba mtoto amwambie nyanya yake kwamba asali ina hatari kwa aliye chini ya mwaka mmoja. Chupa ikarudi kikapuni.

Nikadhani nimepona. Lakini asubuhi iliyofuata alimwambia mjukuu wake kwamba huko Ganda yuko mama mmoja anayechanja ufizi kwa wembe na kupaka dawa, jino likapata njia. Ijumaa wangekwenda wote wawili.

Bisibisi ilinitoka mkononi. Nilimpigia simu mke wangu, akasema nisikubali, na nisimvunjie mama yake heshima, kisha akakata kwa sababu wageni walikuwa wakimngoja. Nikabaki na mtoto tu wa kupitishia maneno.

"Mwanangu," nilimwambia, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka, "mwambie nyanya haya ni meno tu. Tungoje."

 Mama mkwe aliinuka mkekani, akatoka nje, na hakurudi ndani mpaka alasiri.

Jioni mke wangu alinieleza nilichokuwa nimekigusa. Kabla yake kulikuwa na mtoto wa kiume, kaka yake ambaye hakuwahi kumwona. Alishikwa na homa wakati wa kuota meno. Mama aliogopa, lakini ukoo mzima ukamwambia ni meno tu, angoje. Akangoja. Hakuwa na mtoto tena mpaka alipozaliwa mke wangu.

Siku ya pili yake mtoto alipata joto. Hakutaka kitambaa, hakutaka kukandwa, alikuwa akijivuta sikio na kulia sauti nyembamba. Nilikuwa nimesoma kwamba meno hayaleti homa kubwa. Nilikuwa nimelisoma hilo zaidi ya mara moja, lakini nilishika kipimajoto cha mtoto, kilichoonyesha homa kubwa, nikijishawishi kwamba hakisemi kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshasema ni meno, na nilitaka niwe sahihi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.  Alikuwa akimtazama mtoto tu.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie nyanya haya si meno. Twende zahanati."

Tayari alikuwa ameshajifunga leso. "Mwambie baba yako aache kutafuta viatu vizuri."

Muuguzi alimkagua, akasema sikio limeingia maradhi, akatupa dawa. Nikainuka kuondoka. Lakini mama mkwe hakuinuka. Alimwuliza muuguzi kama ufizi ule haustahili kufunguliwa. Muuguzi akamwomba anawe, akamshika kidole na kukiweka mahali penyewe ndani ya kinywa cha mjukuu wake. Jino lipo juu juu, akamwambia, linakuja lenyewe. Wembe ungeleta kidonda na maradhi mengine.

Mama mkwe alikiacha kidole pale kwa muda.

"Na yule wangu?" akauliza.

Muuguzi hakujua anaulizwa nini. Mama mkwe akamsimulia kwa maneno machache, joto, siku zile, watu walivyosema. Muuguzi akasema: "Pengine hayakuwa meno, mama."

"Niliwaambia," akasema mama mkwe. "Niliwaambia siku ile ile."

Hakulia. Alimbeba mjukuu wake mgongoni, akamfunga vizuri, tukatoka.

Ijumaa ikapita bila Ganda kutajwa. Homa ilishuka, mtoto akarudia kula, na baada ya jino la kwanza kutokeza mama mkwe akarudi shambani kwake. Sasa ufizi wa juu ndio unaovimba. Yeye hupiga simu asubuhi, nami naiweka sikioni mwa mtoto huku nikiisikiliza kwa karibu. Leo ameuliza kama mume wake ana joto. Nimemwambia mtoto amjibu hana, na sikio halimsumbui, ila ameniuma kidole hadi nimepiga kelele.

Nikamsikia akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia.

"Vizuri, mume wangu," akasema. "Mng'ate tena."