Desemba Ambayo Baba Alinyamaza

Soko la Krismasi la Haarlem unalinusa kabla hujaliona. Ni harufu ya mafuta ya moto, maana wanakaanga maandazi ya mviringo yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, kisha wanayamwagia sukari ya unga mpaka inawapanda walaji puani. Nyuma yake inafuata harufu ya mdalasini, ya divai nyekundu inayochemshwa kwenye masufuria, na ya matawi mabichi ya misonobari. Nilikuwa na miaka tisa nilipoinusa, mkono mmoja nimemshika Mama na mwingine nimemshika Baba, nimevaa koti la kuazima lililonifika vifundoni. Baba alikuwa mwalimu wa kilimo Morogoro na alikuwa amekwenda Uholanzi kwa masomo. Shule zilipofungwa, mimi na Mama tulimfuata kwa mwezi mmoja, naye akaahidi kwamba kila Jumamosi tutapanda treni kwenda mji mwingine wenye soko la Krismasi. Mwezi ukiisha, tungerudi nyumbani sote watatu.

Mimi nilikwenda na kazi niliyopewa. Bibi, mama yake Baba, aliishi Mgeta, juu kwenye miteremko ya Uluguru, akilima njegere na karoti kwenye matuta yaliyochimbwa ubavuni mwa mlima. Likizo zangu zote nilikuwa kwake. Kule ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi, na jioni Bibi alikaa karibu na mafiga akipaka mafuta nyayo zake zilizopasuka kwa baridi, huku akinitaka nimsimulie mambo ya mjini. Tulipokwenda kumuaga, alinikalisha mbele yake. "Nasikia huko maji yanaganda barabarani," aliniambia. "Uangalie vizuri watu wanavyoishi, uje unisimulie. Usiniletee ya kusikia. Niletee uliyoyaona." Basi kila nilichokiona Uholanzi nilikiona kwa niaba yake.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Dordrecht. Mabanda ya mbao yalipangwa kando ya maji, yamefunikwa taa ndogondogo, na wazee waliovaa kofia ndefu nyeusi walikuwa wakiimba huku mvuke ukiwatoka vinywani. Niliona farasi mwenye miguu ya manyoya, mwanamke anayeuza jibini lenye umbo la gurudumu, na mtoto wa rika langu aliyelala fofofo kwenye kigari katika baridi ile. Nilimuuliza Baba kama Bibi ataamini habari za farasi. Alicheka. "Atasema umetia chumvi," alijibu. "Halafu kesho yake atakuomba umsimulie tena."

Katikati ya wiki iliyofuata niliamka nikamkuta Baba amenyoa kichwa chote, kinang'aa kama bakuli. Nje barafu nyembamba ilikuwa imetanda kwenye viti vya baiskeli. Nilicheka mpaka nikakohoa. "Baba, ubongo utaganda." Alijipapasa kichwa, akasema nywele zilikuwa zinamsumbua. Mama alikuwa amesimama kwenye jiko la gesi, ametupa mgongo, na hakugeuka. Tangu siku hiyo redio haikufunguliwa tena, na Mama alijifunga khanga kiunoni hata ndani ya nyumba yenye joto. Niliyaona yote hayo, ila sikujua niyaweke wapi.

Jumamosi ilipofika, Mama alisema labda tubaki nyumbani. Baba alikataa. "Tulimwahidi mtoto," alisema, tukapanda treni kwenda Haarlem. Mabanda yalilizunguka kanisa kubwa la matofali, na kwenye banda moja mama mnene alikuwa akiuza soksi za sufu nene, za kijivu na nyekundu. Nilisimama pale. Nilisema tumnunulie Bibi kwa ajili ya nyayo zake. Mama aliondoka ghafla, akaenda kuangalia mishumaa kwenye banda la pili. Baba alichuchumaa karibu nami, akazigeuzageuza zile soksi kwa muda mrefu.

"Hizi zitamtosha?" niliuliza.

"Hapana. Bibi ana miguu mikubwa kuliko Mama yako. Tuchukue hizi."

"Rangi gani?"

"Chagua wewe. Wewe ndiye unayejua anachopenda."

Nilichagua nyekundu. Njia nzima ya kurudi nilimwigizia Baba jinsi Bibi atakavyozivaa, atakavyokataa kukanyaga nazo chini, na atakavyowaita majirani waje kuzitazama. Alinisikiliza neno kwa neno. Nilipotaka kunyamaza, aliniuliza, "Halafu atasemaje?"

Safari ya mwisho ilikuwa ya mbali, mpaka Valkenburg, upande wa kusini, ambako soko limo ndani ya pango lililochongwa zamani na wachimba mawe. Tulitembea chini ya ardhi kati ya kuta za manjano, na wauzaji walikuwa wameweka meza zao kwenye vyumba vya mawe. Nilitangulia mbele nikihesabu malaika wa udongo, na nilipogeuka nikamwona Baba amesimama kwenye kona yenye mishumaa, paji la uso limegusa ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilipomfikia alijifuta uso kwa kofia. "Moshi," alisema. Mishumaa ile haikutoa moshi, na nilijua, lakini sikumuuliza.

Tulirudi Morogoro mwanzoni mwa Januari, na siku ya pili yake tukapanda kwenda Mgeta. Gari lilituacha barabarani, ikabaki njia ya miguu. Nilikuwa nimetangulia na mfuko wa soksi mkononi Baba aliponiita. Alichuchumaa kama alivyochuchumaa sokoni.

"Mwanangu, Bibi hatutamkuta."

"Amekwenda wapi?"

"Alifariki tukiwa kule. Nilipigiwa simu. Walimzika kesho yake, na sisi tusingeweza kufika."

Nilimtazama kichwani. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. "Siku ile uliyonyoa?"

"Siku ile."

Kilichonijia kwanza hakikuwa kilio, kilikuwa aibu ya kile kicheko changu. Kisha ikaja hasira. "Ulijua," nilimwambia. "Ulijua, na ukanunua soksi."

Nyumbani Shangazi, dada yake Baba, alitupokea kwa kilio kipya, kwa sababu alikuwa bado hajalia pamoja na kaka yake. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshazama kwa mvua. Kando yake njegere zilikuwa zimekauka kwenye matuta bila kuchumwa. Baba alinishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Msimulie Bibi yako." Nilikataa. Nilitoa bega langu mkononi mwake nikaenda kukaa nyuma ya jiko mpaka waliponifuata. Shangazi alizichukua zile soksi, akazivaa msimu mzima wa mvua mpaka zikatoboka visigino. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimjibu Baba pale tu aliponiuliza.

Shangazi naye amefariki, mwezi wa kumi na moja uliopita. Habari ilifika kwenye simu zetu zote kabla maiti haijaoshwa. Binti yangu, mwenye umri niliokuwa nao mimi wakati ule, aliisoma kabla yangu, akaja jikoni kunipa pole huku machozi yanamtoka. Ndugu walio nje walitazama mazishi kwenye simu zao, udongo ukianguka mbele ya macho yao.

Tulipotoka kuzika niliketi na Baba barazani kwake, Mazimbu, pale Morogoro. Amestaafu sasa, na masikio yamemchoka kidogo. Nilimuuliza nilichokaa nacho miaka yote: kwa nini hakuniambia?

"Ningeweza kusema nilitaka ufurahi," alisema. "Si kweli. Mimi na Mama yako tulikuwa tumeshamzika mioyoni. Kila asubuhi ulikuwa unaamka na kusema Bibi atacheka hivi, Bibi atauliza vile. Dunia nzima, ni wewe tu uliyekuwa unamtaja mama yangu kama mtu aliye hai. Nilitaka kusikia. Nilipanda zile treni ili nisikie. Nilikukosea. Najua."

Miaka yote nilizihesabu wiki zile kuwa wiki nilizoibiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu aliyezitumia kupumua.

Binti yangu alilia siku ile ile aliyostahili kulia, na akiwa mtu mzima hatakuwa na la kuniuliza. Hilo ni jema, na nisingependa liwe vinginevyo. Lakini Shangazi alitutoka sote kwa dakika moja, na hakubaki hata mtu mmoja, popote, wa kuendelea kumsema kama yupo.