Siku Bawa Lilipochoka Juu ya Kola

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hewa ya Machakos imetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Nilikuwa mwanafunzi wa urubani, na kiburi kilikuwa kimenizidi kimo. Nilimwomba mama atandaze leso yake nyekundu kwenye matuta ya shamba letu kule Kola, ili niijue nyumba nikiwa juu.

Niliiona. Doa dogo jekundu, na mama kando yake akipunga mkono. Vilima vilikuwa vya buluu na nilihisi kama naota. Nikataka auone uso wangu. Basi nikapunguza mwendo, na kila ndege ilipotaka kushuka, nikavuta usukani, pua ikapanda. Bawa likiinuka hivyo halipasui hewa tena, linaisukuma kama mlango ulio wazi kwenye upepo, na mwendo unazidi kuisha. Nami nikazidi kuvuta. Usukani ukalegea mkononi, ndege ikatetemeka, hewa ikabanduka mgongoni mwa bawa, tukaanza kuanguka.

Bado nilikuwa navuta. Niliogopa, sikudanganyi.

"Kijana, achilia," akasema Mutua, mwalimu wangu aliyeketi kando. "Pua chini."

Chini ndiko alikokuwa mama. Mikono yangu ilikataa. Mutua akausukuma usukani mwenyewe, akaongeza moto wa injini, tukainama kuelekea matuta hadi nikaona kuku wakitawanyika. Ndege ikapata mwendo, bawa likashika hewa, tukainuka. Tulipotua aliniuliza jambo moja tu: "Ulitaka mama akuone, ama akuzike?"

Jumapili nilienda nyumbani na aibu yangu. Mama akanikumbatia mlangoni. "Mwana wakwa, mwanangu, niliona ukiniinamia," akasema. "Nimeambia soko nzima vile uko na heshima."

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Alikufa akiamini hivyo, na bado inaniuma.

Sasa wewe kesho unaruka peke yako mara ya kwanza, na kiti cha kando kitakuwa kitupu. Usipunguze mwendo ili uonekane. Ndege ikitetemeka, usivute. Toa kimo kidogo, upate mwendo, kisha upande. Hata huku ardhini nimeona wengi wakianguka kwa kukataa kushuka kidogo.

Mimi sitakuja uwanjani. Nitakaa ndani, nisiwe mtu wa kupungiwa mkono. Mungu akuinue, mwanangu, na akikushusha, akushushe taratibu.