Pasi ya Saa Kumi

Nimemhamisha mama wa watu kwa kiherehere changu, ndugu zangu. Nikijitazama kwenye kioo natamani kutema mate.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku. Cheti nikakibandika juu ya tivii. Hata aliyekuja kuomba chumvi hakutoka bila kukisoma! Basi umeme ulipoanza kuisha ovyo kwenye nyumba yetu ya Butimba, wapangaji sita mita moja ya luku, nikajiteua kupiga hesabu. Wati mara saa, gawanya kwa elfu moja, unapata uniti. Nani angenibishia?

Nikapita mlango kwa mlango na daftari. Chumba cha mwisho alikaa Mama Koku, mtu mzima, anayepigia wanachuo nguo pasi. Nikamuuliza pasi anaiwasha saa ngapi.

"Saa kumi..."

Hajamaliza, nimeshaandika. Pasi ya wati elfu moja, saa kumi: uniti kumi kila siku! Nikatangaza pale uani kama nimemkamata mwizi wa benki. Wenzangu wakaja juu: aache pasi au ahame. Na pasi ndiyo ugali wake. Akahamia kwa dada yake, Busisi, ambako hana mwanachuo wa kumletea hata shati moja.

Wiki iliyofuata uniti zikaisha vilevile. Nikafungua daftari. Jiko langu la umeme, wati elfu mbili, nimeliandikia "saa moja". Ptuu! Saa moja jioni ndipo ninapobandika maharage. Naepua saa nne. Masaa matatu hayo! Uniti sita kila siku, zote zinaishia tumboni mwangu.

Nikaenda Busisi kumwomba radhi. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole ulionichoma kuliko tusi. Nikamsihi arudi.

"Profesa," akasema, "nilikuwa nasema saa kumi jioni. Nusu saa nimemaliza. Nani anapiga pasi kutwa nzima, hizo nguo ni za jeshi?"

Harudi. Chumba kimeshapata mtu, na wanachuo wana dobi mwingine.

Wewe mwenye daftari, uliza kitu kinawaka kwa muda gani, halafu funga mdomo mpaka mwenzio afike kwenye "jioni".

Cheti nimekibandua. Juu ya tivii nimebandika hesabu ya jiko langu. Mwenye kuomba chumvi na asome hiyo.