Viatu vya Barafu Nilivyovinoa Kama Kisu

Mtu akiniuliza mabingwa wa dunia wa hoki ya barafu ya wanawake ni akina nani, namjibu kabla hajafunga mdomo: Kanada na Marekani, basi. Kombe hilo halijawahi kulala nyumbani kwa mwingine, na dhahabu ya Olimpiki vilevile. Mimi niliyeacha shule darasa la tano kule Buyenzi, Burundi, najua hayo, na wenye digrii zao hapa Bruseli hawajui. Lakini sikuyasoma popote. Nilisimuliwa na mwanamke aliyekaa na soksi tupu, siku niliyomharibia mechi yake ya mwisho.

Kunoa nilianza na miaka kumi na miwili. Wachinjaji wa Bujumbura walikuwa radhi wanisubiri mimi, na wenye cherehe wengine, mawe ya kunolea, wakakaa wanatazama. Huku Ubelgiji nilijiundia baiskeli ya kunolea kwa mikono yangu, unakanyaga pedali jiwe linazunguka, nikajiwekea kituo kwenye soko la Jumapili la stesheni ya Gare du Midi. Sasa nina duka mtaani Evere na magari mawili, na huwa nasema hakuna aliyenishika mkono. Si kweli. Mmoja alinishika.

Alikuja asubuhi pale sokoni, Mbelgiji wa makamo, dereva wa tramu, viatu vya barafu, vile vyenye bapa la chuma chini ya soli, vimening'inia shingoni. Mashine ya kunolea ya uwanjani kwao ilikuwa imekufa na saa tisa alikuwa na mechi. Goti lake lilikwisha, daktari amemkataza. Baada ya leo, hachezi tena.

"Hivi unaviweza, bwana?"

"Madamu, chuma hakijanishinda bado."

Mmoroko muuza zeituni, jirani yangu, akaguna. "Wewe umewahi kuona barafu nje ya friji?"

"Uza zeituni zako."

Nikanoa kama ninavyonoa kisu cha mchinjaji: pande mbili zikutane katikati, ncha moja nyembamba. Nikakata karatasi nayo ili aone. Yeye alikuwa kwenye simu, anaangalia saa. Akavichukua, akashukuru, akaniambia nikipata nafasi nije kutazama. Nilikwenda. Napenda kuona kazi yangu ikisifiwa.

Alifika amechelewa, akaingia barafuni moja kwa moja. Hatua mbili, akaanguka. Akasimama, akaanguka. Mara ya tatu alirudi benchi akitambaa na ukuta. Watu karibu yangu walicheka. Gari langu lilikuwa mlangoni tu, na hakuna aliyenijua. Nilikaa kidogo, nikaona haya, nikateremka ngazi.

Nilimkuta amevua kiatu, amekipindua.

"Umenitengenezea kisu," akasema.

"Ndiyo, madamu."

"Hiki kina makali mawili. Moja huku, moja huku, katikati mfereji. Nikiegemea upande, makali ya upande huo yanashika barafu. Umenoa miaka mingapi?"

"Thelathini."

"Na hukuuliza."

Mwenzake mmoja akasema nitolewe. Yeye akamkatalia. "Vipindi viko vitatu. Mimi nataka cha tatu tu. Utaweza?"

Nikasema sijui. Neno hilo kazini sikuwahi kulitamka.

Nikaishusha baiskeli garini, nikaiweka kwenye korido nyuma ya benchi. Kwanza nililaza ile ncha yote ikawa bapa. Kisha mfereji: jiwe langu lilikuwa pana mno, nikachukua tupa ya duara, ile ya misumeno, nikaipitisha kwa urefu, polepole. Yeye kando yangu, na soksi zake, anakagua kwa kidole. "Huku umezidisha. Rudi." Nikaanza kuipeleka tupa mbio. Nadhani aliona, ndiyo maana akaanza kunisimulia habari za mabingwa, wale wawili wasioachia nafasi.

"Mara moja Wafini, wale wa kaskazini ya Ulaya, waliwatoa Wakanada," akasema, "wakaingia fainali na Wamarekani, tena nyumbani kwa Wafini wenyewe. Muda wa nyongeza Wafini wakafunga. Wakatupa fimbo, wakatupa glavu, wakalaliana barafuni. Refa akaenda kutazama video, akarudi, akalikataa bao."

"Halafu?"

"Penalti. Wakashindwa."

"Mimi ningempiga yule refa."

"Ndiyo maana hawakukualika. Wao waliokota fimbo zao wakacheza tena, bwana. Noa."

Kipindi cha tatu kilikuwa kimeshaanza alipofunga kamba. Akaingia taratibu, ameshika ukuta. Akauachia. Akaegemea kushoto, akaegemea kulia, na chuma kikashika. Timu yake ilikuwa imefungwa vibaya, na haikurudisha hata bao moja, lakini yeye, beki wao, hakutoka mpaka filimbi ya mwisho. Nilisimama muda wote, na mimi si mtu wa kusimama.

Alipotoka, jasho linamchuruzika, hakunisifu. "Mguu wa kulia unavuta," akasema. "Jumanne mashine itakuwa imepona. Njoo nikufundishe."

Alinifundisha Jumanne zote za majira yale ya baridi, yeye ambaye hakuwa na mechi tena ya kuninolesha. Leo timu za wanawake na za wanaume zinaleta viatu Evere, na anayenoa kuliko mimi Bruseli hii simjui. Lakini kabla sijagusa chuma, namuuliza mwenye kiatu uzito wake na anaegemea wapi. Hata anayeleta kisu cha jikoni namuuliza anakatia nini, na kwa mkono gani. Wengine wananishangaa. Wanajibu, nami nasikiliza.